Usiniulize Kama Ningekuwa Rais

"Ungekuwa Rais, ungefanya nini?" Huku Kikula, komini moja ya mji wa Likasi, Kongo, watu hawachoki na swali hili. Huulizwa ngandani bia ikishafika nusu chupa, huulizwa alfajiri kwenye foleni ya bidoni wakati bomba bado linakohoa hewa, huulizwa ndani ya teksi inayokwepa mashimo. Wala si letu peke yetu. Waingereza nao, waliozoea kuchagua wabunge tangu enzi za mababu zao, hupenda kuulizana wangebadilisha nini kama wangekabidhiwa serikali, na majibu yao mengi ni ya kawaida kabisa: foleni za hospitali, bei za nyumba, treni zinazochelewa. Mimi swali hili limenichosha, na si kwa sababu majibu yake ni ya kipuuzi. Majibu ni mazuri. Mtu wa Kikula akipewa urais wa dakika tano hahamishi mji mkuu wala hatangazi vita. Anataka maji yatoke kila siku, mtaro uzibuliwe kabla ya mvua za Novemba, taa ziwake kwenye njia ya sokoni, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kitolewe bila hela ya soda. Wasomi wakisikia hayo hucheka kidogo: tazama, wananchi hawana upeo, wamepewa nchi nzima wakaota mtaro. Nadhani aliyekosea ni mwenye swali. Ukiyaweka majibu hayo mezani ukayachambua moja moja, utaona mengi si kazi ya Rais hata kidogo. Ni kazi ya komini.

Sheria yenyewe inasema hivyo. Sheria nambari 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inaitambua komini kuwa chombo chenye nafsi yake kisheria, chenye baraza la kuchaguliwa na wakazi, bajeti yake, na mkuu wake, burugumesta. Barabara za ndani, mitaro, masoko ya mtaa, usafi, daftari la vizazi na vifo, yote hayo yako mlangoni kwake. Na kodi pia iko mlangoni, tena kila siku. Itazame tikiti ya soko. Ni kipande cha karatasi nyepesi, kirefu kama kidole cha kati, ukingo mmoja una meno kwa sababu kimechanwa kwa haraka kutoka kwenye kitabu chake. Kina muhuri uliofifia, na kiasi cha franka kilichopigwa chapa kisha kikarekebishwa kwa kalamu. Mama anayeuza viwavi wa vinkubala waliokaushwa, au samaki wadogo wa ndakala, au mafungu ya makaa yaliyopangwa juu ya gunia tupu, hukabidhiwa tikiti hiyo hata kabla hajapata mteja wa kwanza. Mwezi ukiisha anazo za kutosha kuwashia jiko la mbabula. Huyu ni mlipa kodi mwaminifu kuliko wengi wanaosifiwa kwa kulipa kodi. Anajua amelipa kiasi gani, siku gani, na nani alipokea. Asichokijua ni fedha hiyo ilipita wapi baada ya kona ya soko, na hakuna mtu aliyemchagua mwenyewe ambaye anaweza kwenda kumuuliza.

Kwa nini basi ndoto yake haiishii kwenye ofisi ya komini, inaruka moja kwa moja hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapa? Kwa sababu tumelelewa kumngoja baba. Kikula ilikua pembeni ya mitambo ya Shituru na Panda, katika mji huu wa Likasi, ambao hadi 1966 uliitwa Jadotville kwa heshima ya mkuu mmoja wa makampuni ya Kibelgiji, Jean Jadot. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa 1906, ilipoamua mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwakalisha wafanyakazi wake pamoja na familia zao, ilianza kugawa karibu kila kitu: nyumba, mposho wa unga, hospitali, shule, hata mizani ya kumpimia mtoto mchanga. Watu wakasema kazi ni baba, kazi ni mama, na hawakuwa wanatania. Lakini ni baba wa namna gani? Desemba 1941 wafanyakazi walipogoma, Jadotville na Elisabethville (Lubumbashi ya leo), wakidai nyongeza ya mshahara wakati bei za vita zinapanda, jibu lilikuwa risasi za askari. Mkono uliogawa unga haukuwa tayari kuulizwa hesabu. Mwanzoni mwa 1967 kampuni ikataifishwa, ikawa Gécamines baadaye, na mposho ukaendelea. Baba wa kampuni akaungana na baba wa taifa, Rais wa enzi hizo, ambaye picha yake ilikuwa katika kila ofisi na ambaye alitufundisha Salongo, kazi ya mikono ya lazima iliyoitwa ya kujitolea. Fagio lilikuwa letu. Uamuzi wa mahali pa kufagia ulitoka juu.

Kisha baba akaondoka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, Kolwezi, ukaporomoka. Kufikia 1994 uzalishaji wa kampuni nzima ulikuwa chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa na Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaacha kazi kwa malipo ya mara moja. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa ameshakiita kitabu chake cha 2001 kwa jina linaloeleza yote: watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Hapa hutokea mtu na kusema, tena kwa haki: baba huyo alilisha. Enzi ya Gécamines mtoto wa mfanyakazi alisoma, mgonjwa alitibiwa, bomba lilitoa maji, na leo wenye uhuru wa kupiga kura wanateka maji kwa bidoni. Siwezi kulikana hilo, na anayelikana hajawahi kuzungumza na wazee wa Likasi. Lakini angalia vizuri kilichofuata. Hospitali na shule zilipoanza kuchakaa, hapakuwa na mtu hata mmoja katika mji huu mwenye mamlaka ya kuzuia. Fedha ziliamuliwa Kinshasa, bei ya shaba iliamuliwa London katika soko la metali, na watu walioishi kwa shaba hiyo walikuwa watazamaji. Kama wema wa baba ungekuwa haki badala ya hisani, kuondolewa kwake kungeleta kesi, kura, au angalau kikao cha kuelezana. Kulileta kimya. Leo Kongo ni ya pili duniani kwa uzalishaji wa shaba, ikiwa imepita tani milioni 3 mwaka 2024, na malori yenye mzigo huo yanapita Likasi usiku na mchana kuelekea Lubumbashi na mpakani Kasumbalesa. Shaba imerudi. Sioni sababu ya kuomba baba arudi nayo.

Mji huu ulikuwa na mwanzo mwingine, na inashangaza jinsi tunavyousahau. Desemba 1957 Wabelgiji waliruhusu kura ya kwanza ya Waafrika mijini, na katika Kongo nzima walichagua miji mitatu tu: Léopoldville (Kinshasa ya leo), Elisabethville na Jadotville. Wapigakura walikuwa wanaume peke yao, wa miaka 25 na zaidi, na Wabelgiji hawakutaka hata kuiita uchaguzi. Waliita mashauriano, na juu ya maburugumesta wa komini alibaki mkuu wa mji Mzungu. Hata hivyo watu waliandika majina kwenye karatasi. Victor Lundula, aliyewahi kuwa askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni, na ambaye asili yake haikuwa Katanga, akawa burugumesta Jadotville. Julai 1960 serikali ya Lumumba ikamkabidhi jeshi la taifa. Angalia mfuatano huo. Kabla hatujapata rais, kabla hatujapata bunge, tulikuwa na burugumesta aliyetokana na kura za mtaa. Ngazi ya kwanza kujengwa ndiyo ya kwanza kubomoka, na haijajengwa tena kikamilifu tangu hapo isipokuwa kwenye karatasi.

Wapo watakaonikatiza hapa. Watasema kura ile ya 1957 ndiyo iliyochochea ukabila: Elisabethville wengi wa waliochaguliwa walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga, wenyeji wakaona wamemezwa, na Oktoba 1958 ikazaliwa Conakat, chama kilichotangaza kujitenga kwa Katanga Julai 1960. Na wataniuliza kuhusu 1992 na 1993, wakati maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi waliozaliwa papa hapa, walipofukuzwa majumbani mwao, wakalala kwa miezi kwenye stesheni ya reli ya Likasi wakingoja treni, na wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Je, hao ndio wananchi wa kawaida ninaotaka wapewe madaraka? Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na anayeandika kutoka Kikula hana ruhusa ya kuipita haraka. Ni kweli kwamba majirani walibeba vitanda vya majirani. Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya kiti gani? Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa Waziri Mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond. Mmoja mtu wa Kasai, mwingine mtu wa Katanga. Kiti hicho kilikuwa Kinshasa. Hotuba zilizomgeuza jirani kuwa adui zilitoka kwenye majukwaa ya wakubwa wa mkoa, na hakuna mkazi wa Kikula aliyepiga kura kuhusu jambo hilo. Nchi inapoweka kila kitu juu ya kiti kimoja, kabila la anayekikalia linakuwa suala la chakula cha mtoto wako. Kama maji, soko na shule vinaamuliwa mtaani, ni vigumu zaidi kumwambia mama Mluba na mama Mbemba wanaouza meza moja kwamba adui wa mmoja ni mwenzake. Sisemi haiwezekani. Nasema ni vigumu zaidi, na katika mambo ya binadamu hilo si dogo.

Turudi kwenye karatasi, maana huko ndiko tumepiga hatua. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa mkoani ibaki mkoani moja kwa moja, na sheria inazipa mamlaka za chini sehemu yake katika hiyo 40. Miaka imepita, fedha bado zinakwenda Kinshasa kwanza na kurudi kwa matone. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa mikoa minne ili serikali isogee karibu. Kwetu ilisogea kwa maana ya ramani tu, kwa sababu gavana alikuwa Lubumbashi, kilomita kama 120, na bado yuko huko huko. Hatua ya kweli ilikuja na sheria ya madini ya Machi 2018. Mrabaha sasa unagawanywa kwenye chanzo: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 komini au sekta au usultani wenye mgodi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15 hiyo ni fedha nyingi ambayo haipiti mikononi mwa waziri. Ila kuna jambo la kutazama. Fedha hiyo inafuata shimo, haifuati watu. Anayechimba analala Kikula, watoto wake wanasoma Kikula, takataka zake zinazagaa Kikula, lakini mgodi ukiwa ng'ambo ya mpaka wa komini, Kikula haina dai. Ni kama kumlipa mwenye shamba na kumsahau anayelisha wakulima. Na huko fedha zilikofika, zimefika kwenye ofisi ambazo wakuu wake hawakuchaguliwa. Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya katiba hii, lakini katika sehemu ndogo tu ya komini za nchi, na maburugumesta wameendelea kuwa watu wanaowekwa kwa amri ya Rais. Fedha ilisogea bila kura. Halafu tunashangaa haionekani.

Kura bila fedha nayo haitoshi, na hapo Waingereza wanatufaa kama mfano. Birmingham, mji wa pili kwa ukubwa huko kwao, una baraza lililochaguliwa kihalali kabisa. Septemba 2023 baraza hilo lilitangaza halina fedha za kukidhi matumizi yake, likasimamisha matumizi mapya yote isipokuwa yale ya lazima. Kulikuwa na makosa yake lenyewe, hasa deni kubwa la wanawake waliolipwa pungufu kwa miaka na mfumo wa kompyuta ulioharibika; lakini pia ruzuku kutoka London ilikuwa imepunguzwa mwaka baada ya mwaka tangu 2010. Mpigakura wa Birmingham anamchagua mtu ambaye sanduku lake liko London. Mama wa soko la Kikula hamchagui mtu, na sanduku pia haliko kwake. Kati ya hao wawili Mwingereza amemzidi hatua moja tu, si kumi kama tunavyodhani tukitazama picha za mabasi mekundu.

Wanaosema wananchi hawana ujuzi wa kuamua bajeti hawajapita Kivu ya Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa msaada wa Benki ya Dunia, baadhi ya komini za Bukavu na usultani wa jirani zilijaribu njia iliyoanzia Porto Alegre, Brazili, mwaka 1989: wakazi wanakutana, wanataja shida zao, wanapiga kura kuhusu sehemu ya bajeti, na huko Bukavu hata ujumbe wa simu ulitumika kuwaita vikaoni na kuwapa matokeo. Ripoti za mradi zilisema watu walianza kulipa kodi kwa wingi zaidi. Sioni ajabu. Mwingine atasema mambo madogo sawa, lakini makubwa waachiwe wataalamu. Basi tuwatazame Waairishi, ambao askari wao vijana wapatao 155 walizingirwa papa hapa Jadotville Septemba 1961 na bado wanaukumbuka mji wetu kwa jina lake la zamani. Kuanzia 2016 walikusanya watu 99 wa kawaida, waliookotwa kwa bahati nasibu, wakawakalisha mwishoni mwa wiki kadhaa kusikiliza madaktari na wanasheria, kisha wakawauliza swali la katiba ambalo wanasiasa wao walilikimbia kwa miaka 30. Walijibu, na kura ya maoni ya Mei 2018 ikafuata mapendekezo yao. Mtu akipewa muda, karatasi za ukweli na jukumu, hujibu kwa uzito. Mtu akiulizwa ngandani angekuwa Rais angefanya nini, hujibu kingandani.

Nakubali kwamba yako mambo ambayo komini haiyawezi. Umeme ni mmoja. Laini ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700, iliyokamilika 1982, inapita juu ya paa za watu wasio na balbu. Na hapa jirani, kwenye mto Lufira, bwawa la Mwadingusha limezalisha umeme tangu 1930, kwanza kwa ajili ya mitambo ya madini, huku nyumba za Kikula zikipangiwa zamu ya giza. Burugumesta hawezi kukata laini akaigawa. Elimu ni nyingine. Kinshasa ndiyo iliyotangaza shule ya msingi ya bure Septemba 2019, na hakuna komini ambayo ingeweza kulipa walimu wa nchi nzima. Lakini wiki hiyo hiyo madarasa yalifurika, na nani alijua ni darasa gani lina watoto wanaokaa chini na shule gani ina chumba kitupu nyuma? Shefu wa kartiye alijua. Hakuulizwa.

Imebaki hoja ya wizi. Utasikia: ukishusha fedha, umeshusha walaji. Ni kweli, atakula. Sijawahi kuamini kwamba mtu wa karibu ni malaika kuliko wa mbali. Tofauti ni kwamba wa mbali akila tunasoma habari zake, wa karibu akila tunaona tofali. Nyumba yake inaongezeka ghorofa kwenye barabara ile ile anayokatiza mama mwenye tikiti. Macho hayo hayatoshi bila kura ya kumwondoa, ndiyo maana nimesisitiza vyote viwili viende pamoja. Na kura nayo haitoshi bila hesabu inayoonekana.

Kwa hiyo mtu akiniuliza tena ningekuwa Rais ningefanya nini, nitamjibu kwamba ningetia saini karatasi ya kuitisha uchaguzi wa komini zilizobaki, na ningebadili fomula ya mrabaha ili ihesabu vichwa pamoja na mashimo. Hapo kazi ya Rais kwetu ingekuwa imekwisha. Kuanzia kesho yake aniulize ningekuwa burugumesta wa Kikula. Asubuhi ya kwanza ningebandika kwenye lango la soko karatasi moja yenye safu mbili: tikiti zilizouzwa mwezi uliopita kwa idadi na kwa franka, na mahali kila franka ilipokwenda. Ningeiandika kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na kuibandika usawa wa macho ya mtu aliyebeba beseni kichwani, kwa sababu hataweza kuinama.